Gonga Mlango Mapema, Mwana wa Ufipa

Oya wana, tuongee ukweli. Mtoto wa Sumbawanga anajua kukomaa. Baridi ya mwezi wa saba pale Kizwite na Chanji siyo ya mchezo, na bado alfajiri mtu yuko macho, kajitanda blanketi, anapiga msuli. Sekondari ya Kantalamba imetema vichwa miaka na miaka. Sasa inakuwaje kichwa cha aina hiyo kinafika Mbeya, Dodoma au Dar, mwaka wa kwanza tu kinadisko? Mimi jibu langu ni moja: wengi hawaangushwi na ugumu wa pindi, wanaangushwa na kukaa kimya.

Nyumbani tumelelewa freshi. Mkubwa akiongea unasikiliza, na ofisini kwake huendi mpaka uitwe. Heshima hiyo ni mali, isiachwe. Ila chuoni mhadhiri anafundisha umati, na usipojitokeza yeye anajua uko poa. Ongeza na kimombo. Umetoka shule ya kata, leo pindi zima linashushwa kwa Kiingereza fasta fasta, kunyoosha mkono unaona noma. Halafu ukisema tu kwenu Sumbawanga, zinaanza zile stori za uchawi, radi na ungo. Kuna madogo wanaamua kusema kwao Mbeya ili wapumue, na kwenye diskasheni hawatii mguu. Utani huo unaumiza, na wanaoulipia ni watu wenye akili zao.

Ndiyo maana nataka kila mwana ajue kuhusu mshauri wa kitaaluma. Vyuo vingi vya Bongo vinampangia mwanafunzi mhadhiri mmoja wa idara yake awe mtu wake wa kumuuliza mambo ya masomo. Shida ni kwamba majina yanabandikwa ubaoni, watu wanapita zao kwenda kusaini bumu. Yule mtu siyo polisi. Ukiingia na shikamoo yako, karatasi ya test mkononi, ukasema wazi "mwalimu, hapa sijaelewa na sijui nianzie wapi", umeshamfungulia njia ya kukusaidia.

Na hesabu zenyewe za alama zinahitaji mtu wa kukufafanulia. Kwenye vyuo vingi kozi ina alama 40 za kazi na majaribio ya semista, halafu 60 za UE, yaani mtihani wa mwisho wa semista. Maana yake test ya kwanza ni taarifa. Ukichapwa, wiki hiyo hiyo nenda kwa mshauri, usingoje mpaka upigiwe sapu, ule mtihani wa marudio. Kitu kingine ambacho madogo wengi hawaambiwi: kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), krediti moja ni saa 10 za kazi. Kozi ya krediti 12 ni saa 120, na pindi la darasani ni kipande tu cha hizo saa. Zinazobaki ni zako na madesa yako. Digrii ya miaka mitatu ni krediti 360. GPA ya 2.0 inakupitisha, 3.5 ni daraja la pili la juu, 4.4 ni la kwanza. Mshauri anaweza kukaa na wewe mkaona kozi ipi inakushusha na ipi bado inaokoleka.

Ila kwa watu wa kwetu ishu nzito kuliko zote ni mahindi. Mzee anavuna katikati ya mwaka, anauza kwa NFRA, wakala wa serikali wa hifadhi ya chakula, au kwa wachuuzi, bei ikishuka au malipo yakichelewa mipango yote inalala. Chuo kinafunguliwa mwezi wa kumi au wa kumi na moja, wakati ule ule ambao familia inasaka mbolea kabla mvua hazijashika. Ada na mbolea zinagombea mshiko mmoja. Hapo dogo asiye na mkopo anabanwa, anaona aibu, anapanda basi kimyakimya: Tunduma, Laela, nyumbani. Hajaaga mtu. Kwenye kumbukumbu za chuo ameandikwa mtoro wa mitihani.

Hii ndiyo inayoniuma, maana kuahirisha masomo ni njia iliyomo kwenye kanuni za vyuo. Unaandika barua, inapita idarani, unaeleza sababu, iwe ugonjwa, msiba au ada, na ukikubaliwa unarudi na kuendelea ulipoishia. Mshauri wa kitaaluma ndiye wa kukuonyesha barua inaanzia wapi. Mambo ya msongo, malazi na matatizo ya nyumbani yana ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi. Kama una mkopo wa Bodi ya Mikopo (HESLB), dawati la mikopo hapo chuoni lijue mapema, kwa sababu Bodi inataka ithibitishiwe umefaulu kuingia mwaka unaofuata ndipo iendelee kutoa mkwanja.

Waliobaki kitaa nao wamo. Chuo Kikuu Huria kina kituo Sumbawanga, na MUST, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, wana ndaki yao huku huku Rukwa. Wa Huria ndio nawaonea huruma zaidi: wengi ni walimu, manesi na watumishi wanaosoma usiku baada ya kazi, hawana bweni wala washikaji wa kuwagongea mlango. Kwao kile kituo ndiyo chuo chenyewe. Kiendeeni, ulizeni ratiba za ana kwa ana, pataneni namba, mkutane hata Jumapili mchana mkafanye diskasheni.

Na ninyi mlio mwaka wa tatu, mkirudi likizo msiishie kupiga picha maporomoko ya Kalambo. Watafuteni madogo wa fomu sita mtaani kwenu, waonyesheni prospektasi, waambieni sapu ni nini na mlango upi unagongwa kwanza. Dogo unayeanza mwaka huu: wiki ya kwanza tafuta jina la mshauri wako, nenda kajitambulishe, mwambie unatoka Sumbawanga na umekuja kusoma.