Kompyuta ya kibao isipite Mariakani kama malori

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hii ya mabaharia wetu hutajwa sana madarasani na hutungiwa insha kila mwaka, lakini ni nadra mwanafunzi kuulizwa swali linaloifuata: je, wewe umeunda nini? Swali hilo ndilo ningependa walimu na wanafunzi tuliwazie leo, hasa sisi wa Mariakani.

Mariakani ni mji uliozoea kupitiwa. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilikata hapa ikielekea bara, na ile ya kisasa iliyozinduliwa mwaka 2017 nayo ina kituo hapa. Malori yatokayo bandarini hupimwa uzito katika mizani yetu, kisha huendelea na safari ya Nairobi, Kampala na Kigali. Nyaya za umeme mkubwa kati ya Mombasa na Nairobi zapita juu ya vichwa vyetu. Mwaka 2009 nyaya za mawasiliano zilizolazwa chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, zilifika Mombasa, na tangu hapo mawasiliano ya nchi nzima yakaharakishwa. Wazee husimulia kwamba jina la mji latokana na mariaka, yaani podo za mishale. Podo ni chombo cha kuhifadhi silaha ya mtu aliye tayari kwa kazi. Yatupasa basi kujiuliza: katika yote yanayopita hapa, ni kipi tulichokitia podoni mwetu?

Kuna chombo kimoja kidogo ambacho nadhani chastahili kubaki. Ni kompyuta iliyojengwa yote juu ya kibao kimoja, kikubwa kadiri ya kitambulisho cha taifa. Maarufu kati ya hizo ni Raspberry Pi, iliyoanza kuuzwa tarehe 29 Februari 2012 kwa dola 35. Waliounda kibao hicho, akiwamo Eben Upton wa Cambridge huko Uingereza, waliingiwa na wasiwasi walipoona kwamba vijana wanaoomba kusomea sayansi ya kompyuta chuoni mwao walikuwa wakipungua, na hata hao wachache hawakuwa na uzoefu wa watangulizi wao. Vijana wa miaka ya 1980 walikuwa wamejifunzia nyumbani, kwa mashine zilizowaruhusu kuzipa amri wenyewe. Waliofuata walipewa mashine zilizofungwa, za kutazamwa na kubonyezwa tu. Kibao hiki kiliundwa kuwa dawa ya ugonjwa huo.

Ugonjwa wenyewe unatuhusu hata sisi. Mwaka 2016 serikali ya Kenya ilianza kugawa vishikwambi katika shule za msingi. Ilikuwa hatua njema, walakini kishikwambi ni chombo kilichofungwa. Mtoto hukitumia, hakifungui. Zipo shule nilizozuru ambamo vishikwambi hivyo vimekaa kabatini, betri zimekufa, na hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kuuliza ndani mna nini.

Sasa nitoe mfano wa kazi ambayo kibao chaweza kufanya nyumbani. Kila mwenyeji wa hapa anajua adha ya maji. Mifereji hutoa siku moja, ikakauka siku kadhaa, na mara nyingi maji huja usiku wa manane. Mama hukesha akisubiri, au hulala na kuamka akakuta tangi limefurika na maji yamemwagika uani. Kijana mmoja wa jirani, aliyemaliza kidato cha nne bila kupata nafasi ya kuendelea na masomo, alifunga kifaa chini ya kifuniko cha tangi la kwao. Kifaa hicho, kiitwacho kihisi, hutoa mlio usiosikika kwa sikio la mwanadamu, kisha husubiri mwangwi urudi kutoka usoni mwa maji. Kibao hupima muda, hufanya hesabu, halafu hutuma jibu kwa simu ya mama kupitia redio ndogo ya mtandao iliyomo nyumbani. Hahitaji kununua data, kwa maana ujumbe hautoki nje ya ua.

Mwalimu wa fizikia atatabasamu akisoma haya, maana hesabu yenyewe ni ya kidato. Katika joto la Pwani, sauti husafiri takriban mita 350 kwa sekunde. Mwangwi ukirudi baada ya sekunde 0.006, sauti imekwenda mita 2.1, kwenda na kurudi. Gawanya kwa mbili, upate mita 1.05. Iwapo kina cha tangi ni mita 1.5, basi maji yaliyobaki ni sentimita 45. Mwanafunzi aliyekuwa akikariri kanuni ya mwangwi ili afaulu mtihani sasa anaitumia ili mama yake apate usingizi. Tofauti ya elimu hizo mbili ni kubwa kuliko tunavyokubali katika mikutano yetu ya walimu.

Kazi ya pili yahusu shule. Kibao kile kile, kikitiwa kadi ya kumbukumbu na kufanywa seva, huweza kuwa maktaba. Tangu mwaka 2007 ipo programu ya bure iitwayo Kiwix, ambayo huhifadhi Wikipedia nzima ili isomwe pasipo intaneti. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2003, ina maelfu mengi ya makala. Ipo pia programu ya Kolibri yenye masomo na mazoezi. Wanafunzi huunganisha vishikwambi vyao na kibao kilichomo darasani, wakasoma bila kulipa senti ya data. Wala hili si jambo la kubuni. Katika wilaya ya Karatu, nchini Tanzania, shule za sekondari kama Banjika zilipata maabara za vibao vya Raspberry Pi vinavyoendeshwa kwa umeme wa jua, kwa kuwa kibao hutumia wati chache tu. Maji ya kifuu, wahenga walisema, ni bahari ya chungu.

Hapa ndipo nami, mwalimu wa isimu, ninapoingia. Nilimwuliza yule kijana anieleze kazi yake. Alianza kwa Kiingereza cha vitabuni, akakwama, akarudia, akakwama tena. Nikamwambia amweleze mama yake badala yangu. Akageuka na kusema kwa Kiswahili, huku akichanganya na Kiduruma: “Mama, hiki kinapiga kelele ndani ya tangi, kinasikiliza kelele ikirudi. Ikichelewa, maji yamekwisha.” Mama akaitikia kwa kichwa. Kwa sentensi mbili alikuwa amesomesha somo ambalo mtaala umelitengea kurasa kadhaa. Nikasadiki zaidi jambo ninalowaambia wanafunzi wangu: kitu hakikai mahali mpaka kisemwe kwa lugha ya mahali hapo.

Hatuanzi kutoka sufuri. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao walizindua Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisini iliyozungumza Kiswahili. Tumepata maneno mengi mazuri: tovuti, barua pepe, kipanya, kishikwambi, na hili la mtandao, ambalo asili yake ni kutanda, kama utando wa buibui. Lakini tumekuwa na tabia ya kuunda istilahi ndani ya vikao kabla kazi haijakuwapo, kisha tukashangaa kwamba watu hawazitumii. Tumegombana miaka mingi kuhusu tarakilishi, ngamizi na kompyuta, kana kwamba mshindi wa mjadala ndiye atakayewasha mashine. Waingereza hawakwenda mbali. Panya, dirisha, faili na mdudu ni maneno ya nyumbani na ya ofisini waliyoyakabidhi kazi mpya.

Nasi tunayo ya kukabidhi. Napendekeza chombo hiki tukiite kompyuta ya kibao. Najua baadhi ya waandishi walilitumia neno hili kwa kishikwambi, lakini maadamu kishikwambi kimekwisha kupata jina lake, kibao ki huru. Fauka ya hayo, neno lenyewe lina ukoo. Katika vyuo vya zamani vya Pwani, mtoto alisomea ubao. Aliandika kwa wino, akasoma, mwalimu akamsahihisha, akaosha ubao na kuandika upya. Kibao hiki hufanya vivyo hivyo. Mwanafunzi akikosea amri na kila kitu kikakwama, hufuta kadi ya kumbukumbu na kuanza upya, wala hapana kilichoharibika. Chombo kinachosamehe kosa ndicho chombo cha kufundishia.

Wapo watakaosema bei ni kikwazo. Ni kweli kwamba kibao chenye nguvu za kuwa seva hakiko katika uwezo wa kila mzazi, na usafiri na ushuru huongeza bei. Hata hivyo, kazi ya tangi haihitaji kibao hicho. Mwaka 2022 kilitoka kidogo zaidi, Raspberry Pi Pico W, chenye redio ya mtandao, kwa dola 6. Shule ikinunua vitano, wanafunzi ishirini watafanya kazi kwa zamu. Wengine watataja hatari ya umeme, nao wana haki. Kibao chenyewe hutumia volti 5 na hakimdhuru mtoto, ilhali umeme wa ukutani ni volti 240 na huua. Sheria iwe moja: mwanafunzi asiguse waya wa ukutani, na pampu ikihitaji kuunganishwa, aitwe fundi mwenye kibali. Kikwazo cha tatu ni sisi walimu. Twaogopa kufundisha tusichokijua, tukasahau kwamba kujifunza mbele ya mwanafunzi ni mafundisho pia.

Milango iko wazi. Mwaka 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, iliidhinisha silabasi ya kuandika programu kwa shule za msingi na za upili, na mtaala wa umilisi wadai kazi za mikono na miradi. Kinachohitajika ni chama kimoja cha wanafunzi, mchana mmoja kila juma, na swali moja la nyumbani: tangi, taa ya uani, joto la banda la kuku. Nami naongeza sharti moja. Kila mradi ukikamilika, mwanafunzi auandikie ukurasa mmoja wa Kiswahili sanifu, aueleze kwa mtu asiyejua kompyuta, na mwalimu wa Kiswahili ausahihishe kwa kalamu ile ile anayosahihishia insha za methali. Humo ndimo istilahi zetu zitakamozaliwa, zikiwa na jasho na maana.

Kurasa hizo zikusanywe na kutiwa ndani ya seva ya shule, kando ya makala za dunia, ili mtoto wa mwaka ujao asome jinsi mwenzake alivyopima maji. Malori yataendelea kupita mizani, nasi hatuna haja ya kuyazuia. Lakini mwaka mmoja kutoka sasa, mgeni akishuka hapa na kuuliza Mariakani wanaunda nini, awepo mwanafunzi wa kumjibu, na amjibu kwa Kiswahili.