Dalili za Nuru Iliyoponyoka

Mtu asimamaye ufukweni usiku wa giza huziona karabai za wavuvi wa dagaa zimetapakaa juu ya Ziwa Tanganyika, lakini ukitanda ukungu huonekana zile tu zilizopata mwanya. Na hali ya galaksi zinazozaa nyota ni vivyo hivyo. Nyota zao changa, zenye joto kali, hutoa nuru iwezayo kung'oa elektroni katika atomu ya hidrojeni, yaani nuru ambayo urefu wa wimbi lake haufiki nanomita 91.2, na aghalabu humezwa na gesi iliyozizunguka kabla haijatoka.

Wanafalaki huitafuta ile chache iliyoponyoka, kwa kuwa ndiyo idhaniwayo kuwa iliivunja hidrojeni iliyoenea ulimwenguni katika miaka bilioni moja ya awali. Walakini nuru hiyo ya zama hizo huzimwa na gesi ya njiani, wala haitufikii. Hapana budi, basi, kuitambua kwa athari iliyoacha katika nuru nyingine.

Athari ya kwanza imo katika mstari wa hidrojeni uitwao Lyman-alfa, wa nanomita 121.6, ambao hutangatanga kutoka atomu hata atomu ukatokea katika spektra umegawanyika vilele viwili: vikikaribiana, gesi ni haba. Ya pili ni oksijeni: iliyopoteza elektroni mbili ikiizidi mno iliyopoteza moja, yamkini gesi imekaribia kuishiwa kinga. Ya tatu ni mistari miwili ya magnesi, ambayo wa kwanza uking'aa maradufu ya wa pili, njia i wazi.

Dalili hizi zilijaribiwa kwa galaksi zilizo karibu zaidi, kwa darubini ya Hubble iliyo juu ya hewa, maana hewa yetu huizuia nuru hii. Galaksi J0925+1403 ilidhihirika mwaka 2016 kuwa yavujisha takriban asilimia 8. J1243+4646, ambayo vilele vyake vimekaribiana mno, takriban asilimia 72. Katika galaksi 66 zilizotangazwa mwaka 2022, nuru ilinaswa katika 35. Na zilikuwamo zenye oksijeni ya kutia tamaa zisizotuletea kitu, kwani mwanya waweza kuelekea upande mwingine.

Kwa hiyo darubini ya James Webb inapozipima galaksi za kale, ambazo hata Lyman-alfa yao huharibiwa njiani, hukumu isikatwe kwa oksijeni peke yake, bali isomwe pamoja na magnesi na wekundu uletwao na vumbi, tena kwa galaksi nyingi kwa jumla, kwa kuwa moja moja huweza kutughilibu.