Kura ni siri: namna gani kujua sababu yake?

Mwezi wa Desemba 1957, wanaume wa Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, walipiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua washauri wa komini. Tangu siku zile sisi wachungaji na makatekista tunajiuliza: mutu anaamua kura yake namna gani?

Njia ya zamani ni kumuuliza yeye mwenyewe. Mwaka 1940, kule Ohio (Marekani), Paul Lazarsfeld na wenzake walifuata watu 600 toka Mei hata Novemba, wakiwauliza mara kwa mara. Waliona ya kuwa maneno ya jamaa na rafiki yalikuwa na nguvu kupita redio na magazeti. Njia hii ni nzuri, lakini kuna maulizo inayoshindwa nayo. Ukimuuliza mutu: «Kandida alikupa zawadi?», atajibu «Hapana», kwa haya ao kwa woga.

Basi wenye elimu walipata njia ingine, ya kuhesabu. Tuweke mufano katika Panda. Tunagawanya watu 200 kwa bahati, 100 huku, 100 kule. Wa kwanza tunawasomea mambo mane: nilisikiliza redio, nilikwenda mukutano, niliona picha za makandida, niliongea na jamaa juu ya uchaguzi. Wa pili tunawasomea yale yale, na la tano: nilipokea zawadi juu ya kura. Hatuulizi ni mambo gani, tunauliza ni mangapi tu. Kama wa kwanza wanahesabu 200 kwa jumla, na wa pili 220, ile 20 ya zaidi inaonyesha ya kuwa karibu watu 20 kwa 100 walipokea. Ni nani? Hatujui, na siri yao inalindwa. Lakini anayejibu «tano» amejifunua. Kwa hiyo tuchague mambo yasiyoweza kumupata mutu mumoja yote pamoja.

Kule Nicaragua, kisha uchaguzi wa 2008, watu karibu 2 kwa 100 walikubali walipoulizwa wazi. Kwa njia ya kuhesabu walionekana karibu 24.

Tuangalie mambo mawili. Anayeuliza wakristu uso kwa uso atasikia ile 2, na atafikiri ubaya ni kidogo. Tena, hesabu hii inaonyesha waliopokea, haionyeshi kama zawadi iligeuza kura. Mutu aweza kupokea chumvi, kisha kuchagua anayemutaka. Basi tusihukumu mbio. Tufundishe wote ya kuwa ndani ya chumba cha kura hakuna anayewaona.