Milima ya Oman (2): Jiwe Lililopanda Kutoka Baharini

Wiki iliyopita tuliishia Muscat, bandarini. Leo tunaelekea bara, kwenye safu ya milima ya Hajar, kwa safari ya kutwa.

Barabara ya Nizwa hupita katika pengo la Samail, na hapo ndipo wageni wengi husinzia garini, maana dirishani huoni mti wala jani, ila vilima vya rangi ya kutu, kimoja nyuma ya kingine. Nawasihi wasafiri wasisinzie. Wanajiolojia huvuka mabara kuja kuvitazama vilima hivyo.

Miamba hiyo, iitwayo ofioliti ya Samail, ilikuwa sakafu ya bahari kuu pamoja na mwamba ulioibeba. Iliumbika takriban miaka milioni 95 iliyopita. Kwa kawaida sakafu ya bahari ikigongana na bara huzama chini yake. Hii ilisukumwa ikapanda juu ya ukingo wa Arabuni, ikabaki hapo. Mahali pengi mtaalamu huhitaji meli ya kuchimbia ili apate kipande chake. Hapa anashuka garini na kukiokota.

Mwongozi wetu, mzee mzaliwa wa Unguja aliyehamia Oman ujanani, alisimamisha gari na kutuonyesha michirizi myeupe ndani ya jiwe jeusi. "Hii ilikuwa hewa, mwalimu. Imegeuka jiwe." Ndivyo ilivyo. Mwamba wa peridotiti, ule ulioibeba sakafu ya bahari, ukikutana na maji yenye hewa ya ukaa huinasa hewa hiyo na kuifanya madini. Wanasayansi sasa wanajaribu kuiharakisha kazi hiyo, kwa matumaini ya kupunguza joto la dunia, nami naona ni kati ya majaribio yanayostahili kufuatiliwa sana zama hizi.

Ukishapita Al Hamra na kuanza kupanda Jebel Shams, mlima unaokaribia mita 3,000, jiwe hubadilika. Sasa ni chokaa ya kijivu, tabaka juu ya tabaka, iliyotokana na matope na magamba ya viumbe wa bahari ya kale ya Tethys. Korongo la Wadi Nakhr limelikata jiwe hilo kwenda chini kiasi cha mita 1,000. Mvua ni haba, na ikija huja kwa mafuriko yanayokokota udongo wote. Ndiyo maana mlima uko uchi, na kila tabaka lasomeka kwa macho matupu. Ukingoni wanakijiji huuza mazulia ya sufi ya mbuzi, ambayo huku hufumwa na wanaume.

Chokaa hiyo ina nyufa, na nyufa hunywa mvua. Maji hutokea chini, nayo huongozwa kwa falaj, mifereji ya kale ambayo mitano kati yake iliingia kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006. Tuliufuata mmoja kijijini Birkat al-Mouz. Maji ya kunywa hutekwa mwanzoni, ya kuoga baadaye, kisha ndipo mitende inywe. Kila shamba lina zamu yake, na zamu hupimwa kwa muda: zamani kwa kivuli cha jua mchana na kwa nyota usiku. Zamu hurithiwa, huuzwa na hukodishwa, kama ardhi yenyewe.

Wiki ijayo: Nizwa, na ngome ya mviringo ya Imamu Sultan bin Saif, ambaye mwanawe aliwatoa Wareno Mombasa mwaka 1698.