Kupatwa kwa Mwezi: Ishara, Hesabu na Sala

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi. Sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baada.

Ndugu Waislamu, jioni ya Jumapili tarehe 7 Septemba 2025, katikati ya Mfunguo Sita 1447, mwezi ulipatwa wote. Kwa mtu aliye Kashaulili, mjini Mpanda, mwezi ulichomoza upande wa mashariki karibu na saa 1 jioni, wakati jua likitua magharibi. Kivuli kilianza kuula saa 1 na dakika 27, baada ya Magharibi. Ukafunikwa wote tangu saa 2 na nusu hadi saa 3 na dakika 52. Ukatakata saa 4 na dakika 56.

Sababu yake ni hii. Jua, ardhi na mwezi hupangika katika mstari mmoja, ardhi ikiwa katikati, na kivuli chake kikauangukia mwezi. Haiwi hivyo ila mwezi ukiwa mpevu; wala haiwi kila mwezi mpevu, kwani njia ya mwezi imeinama kidogo, kiasi cha nyuzi 5. Na ule wekundu, ambao wengine huuita damu, ni nuru ya jua iliyopenya pembezoni mwa hewa ya ardhi, kama tunavyoiona nyekundu wakati wa machweo.

Kivuli hicho ni kimoja kwa wote. Dar es Salaam na Mpanda zilikiona kwa dakika ile ile. Ila Dar es Salaam, iliyo mashariki zaidi, mwezi ulikuwa umechomoza zaidi ya nusu saa kabla, hivyo ulionekana juu zaidi. Wanachuoni wetu waliijua siri hiyo. Mwaka 997 Al-Biruni, akiwa Kath katika nchi ya Khwarezm, na Abul-Wafa, akiwa Baghdad, waliafikiana kuutazama mwezi mmoja ukipatwa. Kisha kwa tofauti ya saa zao wakapima umbali wa miji hiyo miwili kutoka mashariki hadi magharibi. Qurani imetufunza kuwa jua na mwezi huenda kwa hesabu, nao wakaitafuta hesabu hiyo.

Ikiwa ni hesabu, je, kuna nafasi ya kusema kuwa fulani ameula mwezi, au kwamba mkubwa fulani atakufa? Mwaka wa 10 Hijria alifariki Ibrahim, mtoto mchanga wa Mtume (s.a.w.), na siku hiyo jua likapatwa. Watu wakasema limepatwa kwa kifo chake. Mtume, naye yumo katika msiba, hakuikubali kauli hiyo. Aliwafundisha kuwa jua na mwezi ni ishara mbili za Mwenyezi Mungu, wala hazipatwi kwa kufa wala kuishi kwa mtu yeyote. Ikiwa mbingu haikutiwa giza kwa ajili ya mwana wa Mtume, itatiwaje giza na kikongwe wa jirani?

Twalisema hili kwa uchungu. Mikoa ya magharibi ya nchi yetu imeona vikongwe wakiuawa kwa tuhuma za uchawi. Muislamu asitie neno lake katika dhulma hiyo, wala asinyamaze isemwapo mbele yake.

Tufanye nini basi? Tusali. Sala ya kupatwa kwa mwezi ni sunna iliyokokotezwa: rakaa mbili, kila rakaa ina visimamo viwili na rukuu mbili, na kisomo chake ni cha sauti. Haina adhana wala ikama. Huitwa watu kwa kusema *As-salaatu jaami'ah*. Wakati wake hudumu maadamu mwezi umepatwa, ukishatakata, hailipwi. Tuongeze istighfari, dua na sadaka. Watoto na waitwe uani wautazame; mwezi hauna madhara kwa macho, tofauti na jua.

Kuijua sababu hakuondoi hofu ya Mola; huiweka hofu hiyo mahali pake. Aliyeweza kuutia giza mwezi kwa dakika iliyokadiriwa ameyakadiria pia maisha yetu.

Mwenyezi Mungu atujaalie elimu yenye manufaa, na atulinde na kumdhulumu asiye na hatia. Amin.