Hesabu za Chuo Kikuu, Karo Hakuna

Mimi si mwalimu wala mhandisi, lakini hesabu za juu nazifuata kila usiku, tena bila kulipa karo hata senti. Msomaji atauliza, zapatikana wapi? Chuo cha MIT huko Marekani kilitangaza mwaka 2001 kwamba kitatoa masomo yake bure katika intaneti. Humo nilimpata Profesa Gilbert Strang, aliyefundisha kwa chaki na ubao mpaka akastaafu mwaka 2023 akiwa na miaka 88.

Katika somo la kwanza la aljebra ya mistari anaandika 2x − y = 0, na −x + 2y = 3. Shuleni tungeiondoa x, basi. Yeye anachora mistari miwili, nayo yakutana pale x ni 1 na y ni 2. Kisha anazisoma namba zilezile kwa wima: (2, −1) na (−1, 2). Tuchanganye kiasi gani cha kila safu ili tupate (0, 3)? Moja ya kwanza, mbili za pili! Hata milinganyo ikiwa tisa, ambayo hakuna awezaye kuichora, kuchanganya ni kulekule.

Ubaya ni kwamba profesa huyu haulizwi swali. Ukimrudisha nyuma mara tano, atakuambia yaleyale. Kwa hiyo kalamu ni lazima. Anayetazama tu kama atazamavyo mpira huamka hana kitu.

Somo la 10 nimelitazama mara tatu. Leo usiku narudi tena.