Kinga ya Utumbo na Haki ya Mtoto Kunyonya

Katika uwanda wa kati wa nchi yetu, kuanzia Dodoma hadi Singida, mvua hunyesha msimu mmoja tu, takriban Desemba hadi Aprili. Miezi inayosalia maji hutumiwa kwa kuhesabu, na mtoto anayetambaa uani penye kuku na mbuzi hutia kinywani vijidudu visivyo na idadi. Kwa nini mmoja huhimili hali hiyo na mwingine akadumaa?

Sehemu ya jibu imo utumboni. Ngozi ya ndani ya utumbo ina unene wa seli moja tu, na nyuma yake Mwenyezi Mungu (S.W.) ameweka seli za kinga nyingi kuliko katika kiungo kingine chochote. Askari hawa hawaamki ovyo. Lau wangeamshwa na kila tonge, mwili ungejidhuru wenyewe. Zipo seli maalumu zinazochukua chembe za vijidudu na kuzipitisha ndani. Huko hupokewa na seli nyingine, mfano wa mjumbe, ambayo huzionyesha kwa seli nyeupe za damu. Hizi huamka zipatapo mambo mawili: chembe inayolingana nazo, na ishara kutoka kwa mjumbe kwamba pana hatari. Ishara ikikosekana, chembe huvumiliwa. Ndiyo maana chakula hakipigwi vita.

Zikishaamka huzaliana, hupita katika tezi na damu, kisha hurejea utumboni. Kinachozielekeza kurudi ni kemikali itokanayo na vitamini A, iliyomo katika mboga za majani na viazi vitamu vya rangi ya chungwa. Baadhi yake hutengeneza kingamwili zinazomiminika kwenye ute na kuvinasa vijidudu kabla havijagusa ukuta wa utumbo.

Mtoto mchanga bado hajaweza kujitengenezea kingamwili hizo za kutosha. Tazama basi hekima ya Muumba: seli zilizoamshwa utumboni mwa mama husafiri hadi kwenye matiti na kutia kingamwili katika maziwa. Mama wa Kondoa au Chamwino humnyonyesha mwanawe kinga dhidi ya vijidudu vya ua wao wenyewe. Maziwa ya mwanzo, yale ya manjano, ndiyo yenye kingamwili nyingi zaidi. Kuyakamua na kuyamwaga ni kumnyima mtoto haki yake. Aya ya 233 ya Surat Al-Baqara imetaja miaka miwili kamili kwa atakaye kutimiza kunyonyesha. Wataalamu wa afya nao hushauri maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya mwanzo, kisha yaendelee pamoja na chakula hadi miaka miwili na zaidi.

Huko Haydom, mkoani Manyara, watoto walifuatiliwa tangu kuzaliwa katika utafiti wa MAL-ED uliofanyika katika nchi 8. Ilibainika kwamba vijidudu vya utumbo huambatana na kudumaa hata kwa mtoto asiyeharisha. Kinga isiyopumzika huuvimbisha utumbo, na vinyweleo vinavyofyonza chakula hufupika. Utafiti mwingine wa hapo hapo Haydom uliwapa watoto dawa za kuua vijidudu, lakini hawakukua zaidi ya wenzao. Kitaifa, udumavu wa watoto wa chini ya miaka 5 umeshuka kutoka asilimia 34 mwaka 2015/16 hadi asilimia 30 mwaka 2022. Bado ni karibu mtoto mmoja katika kila watatu.

Chanjo ya matone ya rota, iliyoanza kutolewa nchini mwaka 2013, huziamsha seli hizi hizi kabla ya ugonjwa kufika. Hutolewa mtoto akiwa na wiki 6 na wiki 10, wala haifai kucheleweshwa.

Enyi akina baba, mzigo huu si wa mama peke yake. Lisheni mama anayenyonyesha, jengeni choo, tengeni banda la mifugo mbali na anapochezea mtoto, na hakikisheni maji ya kunawa yanapatikana hata wakati wa kiangazi.